Ubao wa Kwanza: Siku Kumi Kando ya Mawimbi ya Taghazout

Anayeingia Agadir usiku huona kwanza maandishi. Ubavuni mwa kilima kinachoukabili mji yameandikwa kwa herufi kubwa za Kiarabu maneno matatu yanayowashwa taa kila jioni: Allah, nchi, mfalme. Juu yake umelala ukuta wa ngome ya kale. Mji wenyewe ni mpya kuliko mtu anavyoutarajia mji wa Moroko kuwa, na sababu yake ni nzito. Usiku wa tarehe 29 Februari 1960, mwanzoni mwa mwezi wa Ramadhani, ardhi ilitetemeka kwa sekunde chache tu na zaidi ya watu 12,000 wakafariki. Walionusurika walijenga upya kusini kidogo mwa magofu. Mjomba wa watoto wetu, aliyekwenda huko kusoma na akaoa huko huko, alitusimulia habari hiyo tukiwa garini kutoka uwanja wa ndege, naye aliisimulia kwa sauti ya chini kama mtu apitaye makaburini.

Lakini hatukufunga safari kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya historia. Tulikwenda kumwona ndugu ambaye hatukuwa tumemwona kwa miaka 6, na tulikwenda pia, tukiri, kwa sababu ya kijana wetu wa miaka 16. Mwaka 2024 aliona kwenye televisheni mashindano ya Olimpiki ya kuteleza juu ya mawimbi, yaliyofanyika Teahupo'o katika kisiwa cha Tahiti, na miongoni mwa washindani alikuwamo Ramzi Boukhiam, Mwafrika mwenzake, mzaliwa wa Agadir. Tangu siku hiyo hapakuwa na amani nyumbani. Aliweka akiba ya Idi mbili pamoja na fedha alizopata kwa kuwafundisha hesabu watoto wa jirani, akatangaza kwamba akifika kwa mjomba wake atanunua ubao. Dada yake wa miaka 13 hakutangaza chochote. Aliuliza tu kama naye ataruhusiwa kujaribu, nasi tukamjibu jibu ambalo wazazi hulitoa wasipotaka kufikiri: kaka yako kwanza, kisha wewe.

Taghazout iko kama kilomita 20 kaskazini mwa Agadir, kwenye barabara inayofuata ufuo. Ilikuwa kijiji cha wavuvi wa Kiamazighi, na bado kina mashua zake za buluu zilizopandishwa mchangani, nyavu zinazoshonwa kivulini, na mnara wa msikiti wa pembe nne kama ilivyo desturi ya Maghrib yote. Wageni wenye mbao walianza kukijia katika miaka ya 1960 na 1970, na leo nyumba moja kwa kila mbili inaelekea kuwa ya kulala wageni au ya kukodisha mbao. Wenyeji huzungumza Kitashelhit wao kwa wao, Kiarabu na jirani, Kifaransa na mgeni. Na sisi tulizungumza kwa mikono na kwa salamu, ambayo ilitosha kutupatia chai ya nanaa katika kila duka tuliloingia. Asubuhi wanakula mkate kwa amlou, uji mzito wa lozi, asali na mafuta ya argani, na tangu turudi tumejaribu kuutengeneza kwa karanga, bila ya mafanikio ya kujivunia.

Mawimbi yake hayafanani na yetu. Pwani yetu imezungukwa na miamba ya matumbawe ambayo huyavunja mawimbi mbali, hata yafikapo mchangani huwa yamekwisha nguvu. Huko hakuna kizuizi. Dhoruba za majira ya baridi katika Atlantiki ya Kaskazini huyasukuma maji, nayo husafiri siku kadhaa mpaka yanapokutana na vichwa vya miamba vya Taghazout. Mahali paitwapo Anchor Point wimbi hunyanyuka kando ya jabali na kujikunja kulia kwa mwendo mrefu mno, na tuliona waume na wake wakilifuata mpaka macho yetu yakachoka. Ni uzuri wa kuogofya. Na Desemba, mwezi wa likizo yetu, ndio miongoni mwa miezi ambayo mawimbi hayo ni makubwa zaidi. Anayetaka kujifunza angefanya vyema kwenda Juni au Julai, bahari inapotulia. Sisi tulikwenda wakati shule zilipofunga na tiketi zilipopatikana.

Ubao tuliununua siku ya pili, mjini Agadir, kwa mtu mmoja auzaye vitu vilivyotumika. Ulikuwa umesimamishwa mlangoni, mweupe, mwembamba, wenye omo iliyochongoka kama ya jahazi na mistari miwili myekundu. Ulikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 10. Pembeni yake zilikuwapo mbao nyingine, nene, pana, za sponji gumu lililofunikwa kwa ngozi laini, za rangi ya buluu na ya manjano, na kijana wetu aliziangalia kama mtu anavyoangalia baiskeli yenye magurudumu manne. "Baba, hizi ni za watoto," alisema. Muuzaji hakumkanusha. Alitupunguzia bei hadi dirhamu 1,400, akatupa kipande cha nta bure, akauombea ubao baraka. Mjomba mtu hakuwa nasi, alikuwa kazini. Na sisi, ambao hatujapata kusimama juu ya kitu chochote majini isipokuwa ngazi ya boti ya Zanzibar, tuliukagua kwa jicho lile lile tunalokagulia kabati: tukaangalia rangi.

Siku tatu zilizofuata hatuzisimulii kwa furaha. Tulikwenda ufuo wa Tamraght, jirani na Taghazout, ambako mchanga ni mwingi na miamba ni michache, na ambako shule nyingi huwapeleka wanaoanza. Kijana wetu anaogelea vizuri. Jambo hilo tulilihakikisha tangu akiwa mdogo, kwani wazee wetu hawakuacha kutukumbusha usia unaonasibishwa na Sayyidna Umar kuhusu kuwafundisha watoto kuogelea. Hakuogopa maji wala baridi yake, ambayo iliingia hata ndani ya suti ya mpira aliyokodi. Aliloshindwa nalo ni ubao. Kila alipoulalia ulizama chini ya kifua chake. Kila alipopiga makasia kwa mikono ulikwenda upande, na wimbi likampita likaenda zake. Alipobahatika kusukumwa na povu, omo ilichimba chini naye akapinduka. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu alianza kusema kwamba huenda watu wa kwetu hawakuumbiwa jambo hili.

Dada yake alikuwa amekaa mchangani siku zote tatu, amevaa suti yake na juu yake kanzu fupi ya kuogelea na kilemba cha kitambaa kile kile, akiwatazama wasichana wa Kimoroko wa umri wake waliovaa kama yeye wakiingia na kutoka majini. Zamu yake haikufika. Ubao ulikuwa mmoja, na kaka yake hakuwa tayari kuukubali ushinde.

Adhuhuri ya siku ya tatu alianguka kwenye maji yasiyofika kiunoni. Ubao ulirushwa juu na povu, kamba iliyofungwa mguuni mwake ikavutika kisha ikaurejesha kwa nguvu, na pezi moja likampasua juu ya nyusi. Tuliona damu kabla hatujamwona yeye. Zahanati ya karibu ilimshona nyuzi 5 kwa upole mwingi, na daktari akatuambia kwamba kama jeraha lingeshuka kwa upana wa kidole tungekuwa tukizungumzia jicho.

Usiku ule hatukukubaliana. Mmoja wetu alitaka habari ya bahari iishe pale pale, kwa watoto wote wawili, na siku zilizobaki zitumike Marrakech. Mwingine aliona kwamba kijana akirudi nyumbani na kovu na kushindwa tu, atabeba kushindwa kwa muda mrefu kuliko kovu. Tulibishana kwa kunong'ona, kama wafanyavyo watu waliolala nyumba ya wenyewe. Hakuna kati yetu aliyemtaja binti, na hilo tuliligundua kwa sababu yeye mwenyewe alikuja mlangoni akauliza, kwa adabu kamili, kama kuumia kwa kaka yake kunamaanisha kwamba na yeye amekwisha kujaribu.

Asubuhi mjomba wao alituchukua, ubao ukiwa juu ya gari, kwa mzee mmoja wa Tamraght atengenezaye mbao zilizovunjika. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye vumbi jeupe na harufu kali ya gundi, na tulipomwona akipitisha kiganja juu ya ubao wetu tulimkumbuka fundi wa kalafati kule Bagamoyo, anavyoisikiliza mbao ya jahazi kwa vidole. Hakutuuliza tuliununua kwa nani. Aliubonyeza kwa dole gumba katikati, mahali ambapo mguu hukanyaga, na ngozi ya faiba ikabonyea kisha ikarudi kwa mlio mdogo: ilikwisha kuachana na sponji ya ndani. Alitufuatisha kwa ukucha mstari mwembamba uliokata ubao kutoka ukingo hadi ukingo, ambao sisi tuliudhani mkwaruzo. Hapo, alisema, uti wa mgongo ulipata kuvunjika ukazibwa na kupakwa rangi. Ile mistari miwili myekundu tuliyoipenda haikuwa pambo. Kisha akausimamisha kwa tezi juu ya gazeti, na baada ya dakika chache tone la maji ya rangi ya chai likadondoka penye tundu la pezi. Ubao ulikuwa umekunywa bahari.

"Lakini hata ungekuwa mzima," alisema, na mjomba akatufasiria, "usingekuwa wa mwanao."

Hapo ndipo tulipofundishwa jambo ambalo lingetugharimu nusu saa kuliuliza kabla. Kila ubao una ujazo wake, unaohesabiwa kwa lita, na mara nyingi huandikwa chini yake pamoja na urefu, upana na unene. Ujazo ndio uelezao ubao unaweza kumbeba nani. Mzee alitupa kipimo cha kukadiria: anayeanza asishuke chini ya lita zilizo sawa na kilo za mwili wake, na zikizidi ni bora zaidi. Kijana wetu ana kilo 58. Ubao wake ulikuwa na lita 27. Kwa lugha ya nyumbani, tulimpa ndoo moja na kitu ya kumwelea mtu aliyehitaji ndoo tatu. Mbao fupi na nyembamba ni za wajuzi, wanaolidaka wimbi lililosimama na ambao mwendo wenyewe ndio unaowabeba. Asiye na mwendo huzama nazo. Ubao mrefu na mpana hulipata wimbi mapema, likiwa bado laini, husonga kwa kasia chache, na husimama imara chini ya miguu isiyojua pa kukaa.

Kwa mtu mzima anayeanza mzee alipendekeza futi 8 hadi 9, upana wa inchi 22 au zaidi, na unene wa karibu inchi 3. Kwa mtoto aliye mwepesi futi 7 zaweza kutosha, maana ubao mkubwa mno nao ni adui: mtoto asiyeweza kuubeba wala kuugeuza majini utampiga yeye na wenzake. Kuhusu sponji alikuwa mkali kidogo. Alisema kila wiki huletewa vichwa na mbao kwa pamoja, na karibu vyote vimepasuliwa na faiba ngumu au mapezi makali. Ubao wa sponji wenye mapezi ya plastiki laini nao huumiza, ila ni nadra kukata. Kamba ya mguuni iwe na urefu unaokaribia ule wa ubao, kwa sababu fupi mno huurudisha ubao usoni, na ifungwe mguu wa nyuma. Kama ni lazima kununua uliotumika, utafutwe mchana, ushikwe juani, na kila sehemu iliyopakwa rangi iulizwe kwa nini imepakwa. Madoa ya kahawia ni maji yaliyoingia. Umanjano wa uzee peke yake si dhambi. Na usiachwe ndani ya gari wakati wa joto, maana ngozi hufura kama maandazi. Tulifikiria jua la Dar es Salaam na tukatikisa vichwa.

Tulimuuliza basi tununue upi. Alitutazama kwa muda. "Mnaondoka lini?" Tukamwambia siku 5 zimebaki. "Na ndege yenu itauchukua ubao wa futi 8?" Hatukuwa tumeuliza hilo pia. Mjomba alipopiga simu, gharama ya kuusafirisha iliukaribia ubao wenyewe kwa bei. Kodini, alisema mzee. Mtu hujua ubao anaoutaka baada ya kuzipanda mbao tatu au nne za watu wengine, na anayenunua kabla ya hapo hununua picha. Kijana wetu, mwenye bandeji juu ya jicho, alikuwa akitazama sakafu. Sisi pia tulikuwa tukitazama sakafu, kwa kuwa fedha ilikuwa yake lakini aliyesema ndiyo mlangoni pa duka hakuwa yeye.

Mzee hakutaka malipo. Tulimwachia ubao, naye akasema sponji yake itamfaa kuzibia mbao nyingine.

Alasiri ile, kwa dirhamu 100 kwa siku, tulikodi ubao wa buluu wa futi 7, wa sponji, wa aina ile ile iliyodharauliwa, pamoja na mwalimu, mwanamke kijana wa Tamraght aliyefunika nywele zake na kuzungumza Kifaransa cha haraka. Alianza mchangani. Alimlaza binti yetu juu ya ubao, akamsogeza nyuma mpaka omo ikanyanyuka kidogo, akamfanyisha kuinuka mara 20 kabla hajamruhusu kulowa. Alituonyesha pia mahali ambapo maji yalionekana shwari kati ya mawimbi, ambapo sisi tungemchagulia mtoto kwa usalama, akatueleza kwamba utulivu huo ni mkondo unaorudi baharini, na anayechukuliwa nao asishindane nao bali aogelee kufuata ufuo mpaka atoke. Kisha wakaingia, maji yakiwafika kiunoni, palipo na povu jeupe la mawimbi yaliyokwisha kuvunjika, wala si mbali zaidi.

Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili alipiga magoti, akafika mchangani akiwa amepiga magoti, akageuka kututazama kwa mshangao. Hatukuhesabu tena baada ya hapo. Jua la Desemba huko huchelewa kuchomoza, hata saa mbili asubuhi bado ni giza, na kuzama kwake ni kama saa kumi na mbili na nusu. Lilikuwa limeshuka juu ya maji alipoinuka kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, mikono imetawanyika kama ya mtu anayetafuta swichi gizani, akaja moja kwa moja kuelekea kwetu kwa mwendo wa pengine mita 15. Aliyekuwa hataki habari ya bahari alikuwa wa kwanza kusimama. Kaka yake alipiga kelele mpaka daktari angemkataza.

Siku mbili za mwisho, jeraha lake lisingeruhusiwa kulowa, alifanya kazi ya kuubeba ubao kichwani kutoka dukani hadi majini na kuurudisha, akimfuata dada yake kwenye mchanga na kumkosoa mambo ambayo yeye mwenyewe hakupata kuyafanya. Dada alimvumilia. Siku ya mwisho adhana ya Magharibi ilitukuta tukipanda njia ya mawe kuelekea msikitini, wote tumelowa isipokuwa yeye. Alikuwa ameutua ubao wa buluu ukutani, anafuta mchanga kwa shati lake, na anasoma kwa sauti namba zilizoandikwa chini yake: futi, inchi, lita. Akamuuliza mjomba wake kama duka lile lina huo huo wa futi 8, na kama mwezi Juni litakuwa wazi.